Daftari la Matusi

Jumatatu, 7 Machi 1955
Kahawa imeingia kwa wingi. Vumbi hadi kooni. Bwana Meneja kabandika tangazo mlangoni mwa ghala: atakayetoa lugha ya matusi kazini atafukuzwa. Nimelitafsiri mimi, nimelipiga chapa mimi. Nimekabidhiwa pia daftari: tarehe, aliyetukana, neno lenyewe. Kwa kuwa nimesoma. Nilifurahi. Aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Jumatano, 9 Machi
Daftari tupu. Wanawake wanaochambua kahawa hunyamaza nikipita. Shikamoo zangu wanaziitikia kwa ncha ya ulimi.

Alhamisi, 10 Machi
Mzee Kasubi, hamali, Mnyamwezi, karudi kazini baada ya kumzika mkewe. Alikaa juu ya gunia. Sote tulijifanya tuna kazi. Bi Siwema, Mzaramo, akaacha kuchambua, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"We mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kukaa mbele ya bibi yako? Hata mkeo kaona heri kaburi kuliko harufu ya miguu yako!"

Mzee akamtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalia.

"Ukifa wewe nitakuzika wima, usinimalizie ardhi."

Watani. Kwetu Masasi nako mtani asipokuja kukutania msibani, hujaliwazwa.

Bwana Meneja alikuwa mlangoni. Kiswahili chake ni cha kuamrisha, ila neno mtumwa analijua. Akaniambia niandike.

Sikuandika.

Ijumaa, 11 Machi
Kaniita ofisini. Nilimweleza utani kwa Kiingereza changu chote. Akasema ushenzi ni ushenzi. Akaitwa Mzee Kasubi.

"Bwana, mie sikutukanwa. Nilipewa pole."

Nikatafsiri.

"Nyamaza, nyani wewe!" Hilo Bwana Meneja alimwambia mzee mwenyewe, kwa Kiswahili.

Jumatatu anataka ukurasa ulioandikwa jina la Bi Siwema, na saini yangu ya ushahidi. La sivyo naondoka mimi. Bi Siwema analea wajukuu watatu peke yake.

Shangazi anasema, "Mwanangu, kazi ya kalamu wanapata wangapi hapa Temeke? Andika tu, yaishe." Nimemchukia jioni nzima.

Jumamosi, 12 Machi
Nimeandika. Tarehe 11, aliyetukana: Bwana Meneja. Neno: nyani. Tarehe 9, huyo huyo, kwa mahamali wote: punda. Tarehe 8, huyo huyo, kwa wanawake wote: neno ambalo hata humu silirudii. Daftarini nimeliandika lote, herufi kubwa. Jina la Bi Siwema halimo.

Nimetia saini. Sikusali kwanza.

Jumatatu, 14 Machi
Alisoma amesimama. Masikio yakawa mekundu. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia tangazo linasema "atakayetoa", halikusema wa rangi gani. Akauchana ukurasa.

Akatoka kutafuta shahidi mwingine. Wachambuzi wote waliulizwa, mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia kitu siku ile. Mmoja alidai ni kiziwi tangu utotoni.

Bi Siwema kabaki. Mimi nimefukuzwa kabla ya saa sita. Sijutii. Naogopa, lakini sijutii.

Alhamisi, 17 Machi
Nimefua. Nimeandika barua ya kuomba ualimu Kinondoni. Wanataka kujua kwa nini niliacha kazi ya kwanza. Nimeandika: nilifukuzwa. Shangazi kasisitiza niseme niliugua. Nimeliacha neno lilivyo, nimefunga bahasha.

Mvua imeanza. Nimeanua nguo.