Mivule Iliyobaki Lumino

Mwalimu,

Mvule mmoja umekatwa. Naanza na hilo kwa sababu ungeuliza kabla hata hujanisalimu. Umekatwa kwa ajili yako. Ni ule wa upande wa njia, si ile iliyo juu ya chemchemi. Ile bado imesimama, na barua hii zaidi ni habari zake.

Ulifariki katikati ya muhula, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya ungemkata alama. Ofisi yako nimepewa mimi, pamoja na birika lako lisilofunga kifuniko. Somo letu la uendelevu wa dunia nalifundisha peke yangu sasa, mwaka wa pili wote, wa Uganda na wa Kenya. Siku hizi insha zinaandikwa na simu. Zinaletwa safi, hazina kosa hata moja, na hazina mtu ndani. Kwa hiyo nimerudia dawa yako ya zamani: mtu asimame aseme kwa mdomo wake. Akianza na "dunia nzima inakabiliwa," namkatiza kama ulivyokuwa ukinikatiza mimi nilipokuwa mwanafunzi wako: "Usiniambie dunia. Niambie kwenu."

Nilikuchukia sana mwaka ule. Unakumbuka ulivyotupeleka mpakani Malaba, kila mmoja akamuulize dereva wa lori amebeba nini na kinatoka wapi? Nilirudi na jibu langu nikijiona mjanja: mafuta ya kula, yamevuka bahari. Ukaniuliza kwa jina la kwetu, binti wa Nagongera: "Na wewe, Nyar Nagongera, leo asubuhi ulikula nini?" Nilikuwa nimekula chapati. Darasa zima lilicheka, nawe ukaendelea kutafuna mahindi yako ya kuchoma, ukamaliza, ukatia gunzi mfukoni mwa koti ili usichafue barabara. Mkeo, Mama Nabwire, aliniambia walipoliandaa koti lako la maziko walitoa magunzi mifuko yote miwili. Alicheka akiwa analia.

Sasa nikueleze ya mti.

Tulifika kwenu Lumino na basi la chuo siku moja kabla ya kukuzika. Hata hatujashuka tukasikia pawa, ule msumeno wa petroli, ukinguruma upande wa chemchemi. Kaka yako mkubwa, Mzee Ouma, alikuwa ameagiza gogo la moto wa matanga. Kwetu Nagongera pia tunaujua: mwanamume mwenye mji wake, yaani boma lake, akifa, gogo linawashwa uani na haliachwi kuzimika mpaka azikwe. Ila kwa ukoo wenu gogo linatoka kwenye shamba la marehemu mwenyewe, na mtu mkubwa hupewa mti mkubwa. Wewe ulikuwa mtu mkubwa. Hilo ndilo lililouponza mvule.

Barasa, yule kijana wa Busia ya Kenya asiyeishiwa maswali, alikwenda akasimama mbele ya mti. "Mzee, na heshima zote," akasema, "hii miti ndiyo inashikilia maji. Mwalimu mwenyewe alitufunza hapa."

Mzee Ouma hakupandisha sauti. "Ndugu yangu nafundisha watu yote mpaka amechoka. Sasa nyinyi watu ya yunivasiti munataka alale kwa giza, kama mtu hana kwao?"

Wote wakanigeukia. Mimi mwanamke, mtu wa kabila lingine, nimesimama uani kwa wafiwa. Nikamwambia Barasa atoke, akatoka. Ningefanya vilevile tena, kwa sababu mfiwa habishiwi jeneza likiwa sebuleni. Lakini nilikaa karibu na moto ule, Mwalimu, na uliwaka vizuri mno. Nilipata joto, na nilichukia kwamba nimepata joto.

Wiki iliyofuata darasa halikunisalimu. Barasa aliinua mkono. "Madam, kumbe hii kitu yote ni ya mtihani tu?" Niliwaambia wafungue madaftari, nikaandika ubaoni mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyasoma.

Halafu Mama Nabwire akanipigia. Mzee Ouma amepanga siku ya kumaliza matanga. Moto utawashwa tena, na safari hii ameonyesha kidole mivule ya juu ya chemchemi. Mkeo hakuwa na nguvu ya kumkatalia shemeji yake, na hakuniomba nimkatalie. Alinieleza tu. Wewe ndiwe uliyetufundisha kitakachofuata: miti ile ikianguka, udongo utashuka, jicho la maji litaziba, na nyumba zote za bondeni zinachota pale. Watoto wako mwenyewe wanachota pale.

Sikumpigia Mzee Ouma. Niliingia darasani nikaandika ubaoni: "Mwambie Mzee Ouma." Nikawaambia hilo ndilo somo la wiki, hakuna jingine.

Ungefurahi. Mmoja alikuja na slaidi za hewa ya ukaa, zenye rangi nzuri. Nikamuuliza atazichomeka wapi pale Lumino. Mwingine akapendekeza mtungi wa gesi, wenzake wakamzomea: "Utafanya matanga na gesi? Hata mizimu itakuuliza kama unakaanga mayai!" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tukuzike. Wa tatu akasema tupeleke taarifa serikalini, Mzee akamatwe. Yaani tumfunge mfiwa, halafu tumweleze habari za maisha bora ya vizazi vijavyo. Kila jibu lilikuwa sahihi kwenye karatasi.

Tulikwenda hivyohivyo, mikono mitupu. Mzee Ouma alitupa chai na viazi vitamu, akasikiliza slaidi zote tulizomweleza kwa mdomo, akatikisa kichwa kwa adabu. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Asante. Sasa kuni natoka wapi?"

Hapo ndipo Nafula aliposema. Ni msichana wa Malaba, mama yake anauza nguo za mitumba karibu na foleni ya malori, na darasani hasemi kitu hata umtekenye. Alipiga magoti kwanza.

"Mzee, sisi ni nani kwa Mwalimu?"

"Nyinyi ni watoto yake. Yeye mwenyewe alikuwa naita nyinyi hivyo hapa nyumbani."

"Na kwa desturi yenu, watoto haleti kuni ya baba yao?"

Mzee Ouma akamtazama Mama Nabwire, naye akatazama kikombe chake. Nilijua nisiseme neno, na kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu, unanijua.

"Watoto naleta," akasema mwisho. "Kila mutoto na gogo lake. Lakini mukisema, mulete kweli. Musinitie haya mbele ya wageni."

Wakaleta. Kutoka Nagongera gogo lilikuja limefungwa kwenye boda boda kama mgonjwa. Kutoka Tororo mjini lilikuja ndani ya gunia. Barasa alivuka mpaka na lake begani, na askari alipomuuliza anaingiza bidhaa gani akajibu, "Kuni ya mzee wangu amekufa," akapitishwa na pole juu. Walizipanga uani kwako, wengine wakiwa hawajawahi kuwasha hata jiko la mkaa. Moto ulitosha. Wageni wa mbali waliuliza marehemu alikuwa na wake wangapi, maana watoto wamezidi. Mivule haikuguswa. Njiani kurudi basi zima lilikuwa linaimba.

Laiti ningewaacha na ushindi wao. Lakini nimelelewa kikazi na wewe, na darasa lililofuata niliandika ubaoni: "Kuni zilitoka wapi?"

Mmoja akasema mfenesi wa bibi yake. Mwingine alinunua njiani kwa mtu asiyemjua, zimetoka msitu asioujua. Barasa akakiri kwamba gogo lake lilikatwa kando ya mto, kwa mjomba. Nafula ndiye aliyemalizia: "Kwa hivyo tumeokoa maji ya Lumino, tumekausha ya kwetu?"

"Kidogo kidogo, ndiyo," nikamwambia.

Hakuna aliyecheka. Kisha Barasa akasema polepole, "Sasa hii ndiyo dunia, madam." Sikumkatiza. Alikuwa ameanzia kwao, akafika mwenyewe. Nilitamani sana uwe umekaa pale nyuma karibu na dirisha umesikia. Nilitamani mpaka ikanibidi nijifanye natafuta chaki.

Tangu siku hiyo wananisalimu. Tunafanya mpango wa miche, kila mmoja kwao, na bado wanabishana nani atamwagilia wakati wa likizo. Sitakuahidi kwamba yote itaishi.

Lakini bado kuna jambo moja, na ndilo lililonikalisha niandike.

Juzi Mzee Ouma alinipigia nije nione kitu. Nilikwenda. Alinishika mkono akanishusha bondeni, akanionyesha miche miwili ya mikaratusi aliyoipanda, kila mmoja umewekewa miiba isiliwe na mbuzi. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. "Hii kalitusi nakua haraka," akasema. "Hii moja ni ya moto yangu. Nikikufa, musiguse miti ya ndugu yangu."

Nikamuuliza na wa pili ni wa nani.

"Ya kwako."

Nikamkumbusha kwamba mwanamke hawashiwi moto ule, si kwenu wala si kwetu.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Na ulileta watoto. Kwa hii mji utawashiwa."

Nililia palepale, Mwalimu. Siku ya maziko sikulia, nilikuwa nahesabu wanafunzi wasipotee. Kwenye kumaliza matanga sikulia. Nililia mbele ya mche usiofika gotini, na kaka yako akanipa leso yake, na sikuweza kumwambia kitu ambacho hata mwanafunzi wa wiki ya pili angekiona. Ameipanda kando ya chemchemi. Amechagua pale kwa sababu udongo ni laini. Na mkaratusi unavyokunywa maji, wewe ndiye uliyenifundisha.

Kwa hiyo Jumamosi naenda Lumino na darasa, na majembe. Sijui nitaanzaje. Pengine nitapiga magoti kama Nafula, nimshukuru mpaka achoke kushukuriwa, kisha nimwombe anisaidie kuchagua mahali pa kuihamishia miche kule juu kwenye mawe. Atakasirika. Atasema watu wa yunivasiti hawaridhiki, na atakuwa na haki. Wa kwake nitamwomba auhamishe kwa mkono wake, nami nitaung'oa wa kwangu.

Pumzika, Mwalimu, darasa lina mtu. Na hili nakuahidi: chemchemi yako haitakauka kwa ajili ya moto wangu.

Mimi,
Athieno