Kikao cha Dharura Kuhusu Puto la Kushoto la Boti ya Uokoaji

CHAMA CHA WAOKOAJI WA ZIWANI

Tarehe: Jumamosi, 9 Machi
Mahali: Banda la boti. Mwenyekiti alipendekeza dukani kwake. Wajumbe walitaka kukaa penye ushahidi.
Waliohudhuria: Mwenyekiti (muuza magodoro), Nahodha (aitwaye Kimya), Mama Turubai (fundi wa mahema), Katibu (muuguzi).
Mwalikwa: Mama aliyejifungua Jumatano, pamoja na mtoto.
Hakuhudhuria: Shemeji wa Mwenyekiti, fundi makochi. Udhuru: anaumwa. Alionekana akipita nje mara mbili.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Kikao cha saa nne kilifunguliwa saa nne na dakika arobaini, Mwenyekiti alipowasili. Aliomba jambo hili lisikuzwe.

KUMB. NA. 2: TUKIO LA JUMATANO
Nahodha alieleza kwamba yeye na Katibu walikuwa wamemchukua mwalikwa kisiwani akiwa na uchungu. Katikati ya safari, puto la kushoto, ule mfuko mrefu wa upepo ulio ubavuni, lilianza kubanduka kutoka kwenye tumbo la boti, toka mbele hadi usawa wa kiti. Maji yaliingia. Aliwahamishia wote upande wa kulia, na Katibu akalikumbatia puto kwa mikono miwili mpaka boti ya kubeba mchanga ilipowavuta. Mtoto alizaliwa gatini kabla machela haijafika. Nahodha aliongeza kwamba hajawahi kusema maneno mengi hivyo kikaoni na asingependa kuzoea.

KUMB. NA. 3: CHANZO
Mama Turubai alibandua sehemu iliyobaki kwa kidole kimoja. Alionyesha gundi ya njano, akasema ni ya magodoro. Mwenyekiti alisema gundi ni gundi. Mama Turubai alijibu, na kikao kiliagiza maneno yake yaandikwe yalivyo: "Godoro likibanduka, unaamka uko sakafuni. Hili likibanduka, huamki."

Mwenyekiti alikiri kwamba Mama Turubai alikuwa ameomba siku tano za kulibandika upya puto hilo, lakini wageni walikuwa wanakuja kupigwa picha na boti, ndipo akampa kazi shemeji yake, aliyeimaliza kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni. Alisema asingeweza kumwangusha kaka wa mke wake.

"Ukatuangusha sisi," alisema Nahodha.

Mwalikwa aliomba nafasi. Alisema: "Sikuja kugombana na mtu. Kule kisiwani kuna wenzangu wanne wana mimba, mmoja siku zake zimekaribia. Wamenituma niulize wapande nini."

Kikao kiliingia moja kwa moja kwenye maazimio.

KUMB. NA. 4: MAAZIMIO
(a) Boti ya mchanga iazimwe kwa ajili ya wagonjwa hadi matengenezo yaishe.
(b) Kazi apewe Mama Turubai, na asiharakishwe. Alieleza kwamba atabandua puto lote, atakwangua gundi ya zamani isibaki hata chembe, atapiga msasa pande zote mbili na kuzifuta vumbi na mafuta. Atapaka gundi ya boti tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, kisha atakandamiza kwa rola. Puto halitajazwa upepo kwa siku tatu. Mwenyekiti aliuliza kama siku tatu haziwezi kuwa moja na nusu. Swali halikupata wa kuliunga mkono.
(c) Mwenyekiti apande boti siku ya majaribio, kwa nusu saa. Mwenyekiti alieleza kwamba hajui kuogelea. Wajumbe waliomba hilo liandikwe, ikizingatiwa kwamba anawaongoza waokoaji mwaka wa sita sasa. Azimio lilipita.

KUMB. NA. 5: MAJARIBIO
Kikao kiliendelea gatini Jumamosi iliyofuata. Mwenyekiti aliwahi, akiwa amevaa maboya mawili. Boti iliondoka saa nne na dakika arobaini na tano. Nahodha aliarifu baadaye kwamba dakika ya kumi Mwenyekiti aliridhika na kuomba warudi, naye akamsomea azimio (c).

Mama Turubai hakusubiri. Boti ikiwa bado mbali alikunja vifaa vyake, kwa kuwa alikuwa na hema la watu la kumalizia. Katibu alimuuliza kama hataki kuiona ikirudi.

"Itarudi," alisema, akaenda zake.

Boti iligusa gati saa tano na robo, puto likiwa mahali pake, na shughuli zikaishia hapo.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)