Annastella Anasema Ndiyo

Buhembe, Bukoba
Jumanne, 13 Agosti

Kaka yangu Rwekaza,

Pokea salamu zangu waitu, mimi mdogo wako Violeth, na unisalimie pia wifi Agnetha na watoto wote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umekuachia. Wifi aliniambia kuwa dawa zake za presha sasa anazimeza bila kuruka. Nimefurahi, aendelee hivyo. Huku kwetu miili haijambo. Tunakula kinachopatikana na tunalala. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia na kukata kabla hujapokea, tena si mara moja. Jambo hili nataka ulisome ukiwa peke yako, na ulisome mpaka mwisho. Safina, jirani ya hapa tunapoishi, anasafiri kesho na meli ya Mwanza. Nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, asimwachie mtu mwingine yeyote wa nyumbani kwako.

Umeona nimeandika Buhembe hapo juu, si Buganguzi. Tumehama, kaka. Au niseme ukweli, tumefukuzwa. Kibanja cha baba hakina mtu. Kahawa imeivia mtini na inadondoka chini, na migomba sijui ni nani anayeikatia majani. Ulisikia kwa simu kuhusu moto, lakini ulisikia nusu, basi ngoja nikusimulie tangu mwanzo.

Ile wiki ya mwisho ya Juni, banda la mzee Kagaruki liliungua. Ni lile lililopakana na kibanja chetu, pale tunapogombania mpaka, alimohifadhi kahawa yake ya maganda akingoja kuipeleka chama cha msingi. Ilikuwa mchana, watu wengi wako shambani. Tulipofika na ndoo zetu paa lilikuwa limeshaanguka. Kahawa ikiungua inatoa harufu nzuri, unajua, na harufu ile ilitanda kijiji kizima huku mzee wa watu amekaa chini, miguu ameinyoosha kama mtoto, analia. Sitamsahau. Sina chuki naye hata leo.

Jioni tukaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakaanza kuulizana nani alionekana karibu na banda. Mmoja akasema alimwona Annastella, huyu mtoto niliyeachiwa na marehemu dada Joviana, akikimbia kwenye migomba. Mwenyekiti akamgeukia, akamuuliza kwa upole tu, "Mwanangu, ni wewe uliyewasha moto?"

Annastella akasimama vizuri, kama alivyofundishwa kanisani, akajibu, "Ndiyo. Ni mimi."

Watu wakapiga kelele. Mwingine akadakia, "Uliwasha kwa kiberiti?" Akasema ndiyo. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kama alimwaga petroli. Akasema ndiyo, alimwaga petroli. Kaka, petroli ataitoa wapi mtoto yule, ambaye nikimtuma chumvi anarudi bila chumvi, amembeba mgongoni mtoto wa watu na amefurahi? Nikataka kusema, lakini hapo hapo mke wa Kagaruki akainuka na kuuliza swali lililonimaliza.

"Ulitumwa na huyu mama yako, kwa sababu ya ule mpaka?"

Annastella akanitazama. Alikuwa anatafuta usoni kwangu jibu la kuwaridhisha. Kisha akasema, "Ndiyo."

Usiku ule mwenyekiti mwenyewe alitusindikiza hadi barabarani, maana vijana walishasema tukilala pale watatuonyesha. Hakutufukuza kwa ubaya. Aliniambia, mama, mwondoe mtoto kwanza, mengine yatafuata. Yamefuata kweli. Jalada limefunguliwa Muleba, Annastella ameandikwa kwamba amekiri, na mimi nimehojiwa kama niliyemtuma. Wewe nilipokupigia ulinijibu kwamba mtoto mwenyewe amekubali, sasa tufanyeje, na kwamba siku zote ulisema anahitaji kunyooshwa. Viboko amevipata vya kutosha shuleni na nyumbani, wakati akirudia darasa la pili hadi walimu wakaniomba nikae naye tu. Havikumfundisha kitu isipokuwa kukubali haraka.

Aliyetupokea hapa ni Renatha. Nilimfahamu kwenye semina ya akina mama ya dayosisi zamani kidogo. Ana kijana wa kiume ambaye alikuwa akimficha, kama mimi nilivyokuwa simtumi Annastella mbele za wageni. Renatha ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa watoto hapa mjini. Daktari yule alimtazama Annastella usoni kwa muda mrefu, akampima kichwa, akamchezesha michezo ya kupanga vitu, halafu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mama yake alikunywa pombe wakati wa ujauzito.

Kaka, ulikuwa Mwanza tayari, hukuona. Mimi niliona. Mumewe alipomwacha na mimba, Joviana aliingia kwenye rubisi asubuhi na jioni, na rubisi ilipomwishia akatafuta gongo. Wenzake walimpa kwa huruma, wakasema inampunguzia mawazo na inamwongezea damu. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto naye anakunywa. Daktari akanieleza kwamba pombe ile iliumiza ubongo wa mtoto ukiwa bado unajengeka, na kilichoumia namna hiyo hakiponi kwa dawa wala kwa fimbo. Mtoto wa hivyo anasahau alichoambiwa asubuhi. Kesho kwake haieleweki. Anamwamini kila anayecheka naye, na ukimuuliza swali anakupa jibu unalolitaka, ili usikasirike. Nilimwambia daktari kwamba huku kwetu wanasema ni ukaidi, wengine wanasema ni mapepo, na wengine wanasema ni dhambi ya marehemu. Akasema si ukaidi, si mapepo, na marehemu tumwache apumzike.

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka. Alimgeukia Annastella, akamuuliza, "Mwanangu, jana uliniibia miwani yangu?"

Jana yake hatukuwa tumemjua hata daktari mwenyewe. Annastella akasema, "Ndiyo, daktari."

"Uliiweka wapi?"

"Kwenye mfuko."

Na miwani iko puani kwa daktari, kaka. Alikuwa anaitazama.

Nilitoka pale sijui nilie au nicheke. Kule kukiri kwake mbele ya kijiji hakukuwa na maana yoyote. Lakini nani ataniamini? Nilimwendea afisa ustawi wa jamii, akanisikiliza vizuri, akaniambia maelezo ya daktari yatasaidia, ila kwenye jalada kuna mtoto aliyeonekana akikimbia na aliyekiri, na hakuna mtu mwingine. Jumatatu ijayo tunaitwa Muleba.

Zilipita siku ambazo sitaki kuzikumbuka. Niliacha kula. Asubuhi moja nilimchukua Annastella tukashuka ziwani, tukakaa juu ya mawe, yeye akiimba zile nyimbo za kwaya ambazo hasahau hata ubeti mmoja, na mimi nikawaza mambo ambayo sitayaandika. Aliponiona nalia alinifuta machozi kwa kanga yake akaniambia, "Mama mdogo, ni mimi. Samahani, ni mimi." Hata machozi yangu alifikiri ni kesi yake. Nikamshika mkono tukarudi.

Kilichoniokoa ni lile kundi la wazazi analokwenda Renatha, wanaokutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Si watu wengi. Wa kwetu wa Kilutheri wapo, Wakatoliki wapo, na kuna baba mmoja anayekuja na binti yake amemshika mkono kama anavuka barabara hata wakiwa ndani ya chumba. Hawana msaada wa kugawa. Wanaambiana tu. Mmoja alisimulia jinsi mwanawe alivyovua viatu vipya njiani na kumpa mtu aliyemwomba kwa heshima. Nami nikasimulia jinsi Annastella alivyomkabidhi mpita njia kuku wetu wa mayai kwa sababu alisema ni wake. Tukacheka, kaka. Sikuwa nimecheka tangu moto. Nilikuwa nadhani niko peke yangu mkoa mzima.

Hapo ndipo Renatha akaniambia nisimuulize tena Annastella maswali ya ndiyo na siyo. Kwa mwanawe alijifunza kwamba akimuuliza anapotea, lakini akimrudisha mahali penyewe na kunyamaza, mwili unakumbuka. Basi tukaenda Buganguzi Jumapili, watu wakiwa ibadani, sisi watatu. Pale palipokuwa na banda nikamwambia neno moja tu, "Nionyeshe." Nikafunga mdomo.

Alisimama kidogo. Kisha akaenda nyuma ya ule msingi wa mawe akakaa, akagonga jiwe la pembeni kwa kiganja, kama mtu anayemkaribisha mwenzake. Akaweka vidole viwili mdomoni, akavuta, akapuliza juu, akacheka. Akafanya kama anayetupa kitu upande wa ndani. Halafu uso ukambadilika. Akaruka, akanishika mkono, akanivuta mbio kwenye migomba hadi nyuma ya jiko letu, tukiwa tunahema wote. Pale akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniwekea kidole midomoni, akasema kwa sauti nzito, sauti ya mvulana, "Anna wangu, sema ni wewe. Wewe hawatakufanya kitu. Nitakuja nikupeleke Mwanza ukaone meli."

Kaka, kaa chini kama umesimama.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita Annastella "Anna wangu", na wakati ule alikuwa kwangu likizo, ulimleta mwenyewe aje anisaidie kuvuna.

Sikutaka kuamini. Nilisema mtoto huyu hukubali kila kitu, pengine na hili kaliokota mahali. Jumapili ile ile jioni nilimpigia mwanao Julius. Nilimwambia tu, "Mwanangu, nimetoka bandani kwa Kagaruki na Annastella." Kisha nikasikia analia. Aliniambia, "Shangazi, sikukusudia." Alikuwa anavuta sigara akijificha, maana anajua wewe ni mzee wa kanisa na ungemkatalia hata kuingia nyumbani. Akatupa kipande bila kuangalia. Alipoona moshi akashikwa na woga. Alifikiri Annastella watamsamehe kwa kuwa kila mtu anajua alivyo. Mchana ule ule aliondoka kurudi Mwanza, kwa hiyo hakujua kama tumehama, hakujua kuhusu jalada. Akaniomba nisimwambie baba, kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne.

Sina hasira naye. Namsikia bado akilia. Ni mtoto, na aliogopa kama watoto wanavyoogopa. Lakini Annastella naye ni mtoto, na yeye hajui hata kwamba anaweza kuogopa jambo hili. Kila siku ananiuliza tunarudi lini nyumbani.

Waitu kaka, tangu wazazi wetu walale sijawahi kukupinga, wala kukupangia neno. Leo nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka. Jumatatu nitasimama Muleba na kusema nilichokiona na nilichokisikia, na jina nitalitaja. Siombi ruhusa. Ninachokuomba ni uje na Julius, aseme kwa mdomo wake, nawe usimame nyuma yake. Mtoto anayeweza kujieleza atasikilizwa, atashauriwa, ataendelea na maisha. Huyu wangu akiulizwa atasema ndiyo tena, na tena, mpaka mlango ufungwe. Msipokuja, neno langu litasimama peke yake, neno la mwanamke anayesemwa kwamba ndiye aliyemtuma, dhidi ya mtoto anayekiri. Sijui kama litatosha. Usiku nalala nikijua kwamba huenda halitatosha.

Usimpige Julius. Nakusihi. Mkae, mle, mzungumze, kisha mpande meli.

Nisalimie wifi Agnetha, na umwambie pole, habari kama hii kwa mama ni nzito kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Wadogo wake Julius wasalimie pia. Renatha anawasalimu ingawa hamjaonana. Mungu awatunze hadi tutakapotazamana uso kwa uso.

Annastella amekaa hapa pembeni yangu, ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia mjomba wa Mwanza. Anakuamkia shikamoo. Na anasema nimwandikie Julius asiwe na wasiwasi, yeye hajamwambia mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Violeth