Kilichokuwa Chini ya Kanisa la Baba

Kagerankanda,
Kasulu, Kigoma.
7 Septemba 2025

Mpendwa kaka Marselino,

Bwana asifiwe. Mtwara mnaamkaje? Wifi Apoline na watoto hawajambo, na kile kikohozi chako kimepona? Sisi tu wazima wa mwili. Mihogo tumeshaing'oa, inakauka.

Kaka, naomba ukae kwanza.

Unajua tulikubaliana kubomoa kanisa la zamani, lile la tofali mbichi alilojenga baba, ili tujenge kubwa. Mama peke yake alikataa, akanuna. Nikadhani ni uzee. Jumanne vijana waliangusha kuta, wakaanza kuchimba msingi pale ilipokuwa madhabahu. Mara kelele. Nilipofika nikaona mifupa, kaka, midogo kama ya kuku, ndani ya kipande cha blanketi kilichooza.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Cadet akasema wazi kwamba baba alizika uchawi kanisani. Mchungaji akatoa simu aite polisi. Ndipo mama akawapita wote, akapiga magoti kwenye udongo, akalia, "Mwana wanje! Mwanangu!"

Alitueleza palepale. Walipokimbia Burundi walibeba mtoto mchanga, Mpawenimana. Walipofika huku homa ikamchukua, wakamzika porini, hawana ndugu wala jirani. Baadaye pori likaanza kugawanywa mashamba. Baba akaogopa jembe litamfukua mwanawe, ndiyo maana akaomba sehemu ile ile na kujitolea kujenga kanisa.

"Mlidhani anamjengea Mungu tu," mama alisema. "Alikuwa anamfunika mtoto."

Umri wetu wote tumeimba pale, tumebatizwa pale, na ndugu yetu yuko chini. Baba amekufa bila kutuambia neno!

Polisi walikuja, wakamsikiliza mama, wakaturuhusu. Jana tumemzika upya kando ya baba, kwaya nzima ikaimba. Mzee Cadet aliomba mwenyewe kubeba lile sanduku dogo, akalia njia nzima. Tulipomaliza, mama akajifuta mikono, akawaambia vijana, "Sasa jengeni."

Msalimie wifi, mbusu Ange na Irakoze. Mama anawaombea Mungu awafunike popote mlipo.

Ameniagiza nikwambie wazi: wewe si kifungua mimba wake. Ukija Krismasi, pitia makaburini kabla ya nyumbani. Anataka akutambulishe kwa mkubwa wako.

Dada yako akupendaye sana,
Esteri