Siku Tulipozima Mtandao wa Zamani

Sur, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi kiwe kimekuacha. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila joto la huku linanikausha, na kila nikila wali wa mkahawani nakumbuka wako.

Aliyekuletea barua hii anaitwa Bi Rukia. Mpe nafasi akae, umpe na chai, kisha mdogo wangu Zuwena akusomee, maana nataka umjue mgeni wako. Kwenye simu hunisikii vizuri siku hizi, na haya si mambo ya kupigiana kelele.

Unajua kazi yangu ni ya minara ya simu. Mwaka huu tumo katika kuzima mtandao wa zamani, ule wa 3G, na kufunga huu mpya wa 5G. Tulianza Nizwa, tukaja Ibra, kisha Mudhaibi. Tunaambiwa watu watapata kasi ya ajabu, na kweli wanapata. Lakini mwenye simu ya zamani, tukishazima, hubakiwa na sauti tu. Picha haipiti tena.

Zuwena atakumbuka siku niliyomkatia simu ghafla. Nilikuwa chini ya mnara, karibu na kijiji kimoja huko Mudhaibi, nazungumza naye. Bibi mmoja, ndiye huyu Bi Rukia, akanisogelea, simu mkononi, akasimama kunisikiliza.

"Mwanangu, wewe mtu wa Unguja?"

"Naam, bibi. Wa Kikwajuni. Shikamoo."

"Marahaba. Mie nimezaliwa huko huko Unguja, Malindi. Basi hebu nambie, mmemfanya nini dada yangu?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Dada yake, Bi Sharifa, yuko huko huko Malindi mpaka leo. Alipatwa na kiharusi, akapoteza kusema. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, walikuwa wakitazamana kwenye simu, huyu akizungumza, yule akimjibu kwa macho. Tulipozima mtandao, sura ya Bi Sharifa iliganda, kisha ikapotea.

"Lakini sauti inafika, bibi," nikamwambia, na papo hapo nikaona upuuzi wa maneno yangu.

"Sauti ya nani? Hasemi, mwanangu."

Mama, sijapata kuona haya kazini kama siku ile. Alasiri nikaenda nyumbani kwake na simu yangu mwenyewe. Ndani haikushika kitu. Mawimbi haya mapya yana mbio, lakini hayafiki mbali kama yale ya zamani, na kuta nene yanashindwa nazo. Ikabidi tupande juu ya paa, Bi Rukia akipumzika kila baada ya ngazi mbili tatu, mkono wake begani kwangu. Huko juu mnara ukaonekana wazi. Nikapiga. Anayemuuguza Bi Sharifa akapokea, akamwelekezea simu.

Picha ilitoka safi, kama mtu aliyekaa upande wa pili wa dirisha. Nikamgeukia Bi Rukia nikitaraji atafurahi. Akaisogeza simu karibu na macho yake.

"Amekonda hivi? Tangu lini?"

Kwenye simu yake ya zamani picha ilikuwa na ukungu, na katika ukungu ule dada yake hakuwahi kuzeeka. Sasa aliiona mifupa ya mashavu, akauona mdomo ulivyopinda. Bi Sharifa akanyanyua mkono ule mzima, akaugusa uso wa simu. Bi Rukia naye akaweka kidole pale pale.

"Sharifa," akasema, "nakuja."

Mwanawe anayekaa Maskati hakutaka. Alimletea simu mpya ya bei kubwa. "Mama, magoti yako hayawezi safari. Kwa hii utamwona mpaka unywele wake."

"Nimeshamwona," akamjibu. "Ndiyo maana naondoka."

Wakavutana, mwishowe mwana akakata tiketi. Kesho anampeleka uwanja wa ndege. Leo nilipokwenda kumuaga, akaniuliza akupelekee nini zaidi ya halua na tende. Nikasema, salamu.

"Salamu si unampa kila siku kwa simu?"

Ndipo nikarudi kukuandikia barua hii, Mama, niwahi kumpa kabla hajaondoka.

Miaka yote hii nakutazama kwenye simu, nikajiridhisha kwamba nimekuona. Lakini sijui mkono wako una uzito gani sasa. Sijui unashuka vipi kitandani asubuhi. Zuwena hukukalisha mbali na taa kila nikipiga, nami sijauliza kwa nini. Zuwena, usiuruke mstari huu. Msomee.

Nimeomba ruhusa. Mkubwa wangu ataka nisubiri mpaka tumalize minara ya Ashkhara. Nilisubiri Nizwa iishe, nikasubiri Ibra iishe. Hii 5G bado haijaenea, na ofisini wameshaanza kuzungumza habari za 6G. Kazi hii haina siku itakayoniambia nenda. Mkubwa hajanipa jibu la mwisho. Akikataa, nitakuja vile vile.

Ukijisikia vizuri, mfuate Bi Rukia mpaka Malindi. Ameondoka Unguja akiwa msichana, na atahitaji mtu wa kukaa naye atakapomwona dada yake kwa macho.

Nisalimie Ami Mbarouk anayekutazamia nyumba, na shangazi Mwanaisha anayekuja kukukanda mgongo. Mwambie na mke wa kaka nimemkumbuka, yeye na watoto.

Nikifika, Mama, usinitandikie mkeka wa wageni wala usichinje kuku. Niite tu jina langu, unitume dukani.

Mwanao,
Salum