Kibuyu cha Shangazi Theopista

Magamba, Alhamisi asubuhi

Mwanangu Agatha,

Nakusalimu sana. Hujambo mama? Mkwe wangu Anicet hajambo, mgongo umemwachia? Mama mkwe wako Tereza naye, macho yanaona afadhali? Na wajukuu zangu Jeniffer na Maiko, yule mdogo ameacha kula udongo? Sisi huku wazima. Baba yako anakusalimu, yuko shambani. Dada yako Generosa anakusalimu pia, anapanda mahindi. Mimi tu ndiye nisiyelala.

Unisamehe mwandiko wangu, unajua niliishia darasa la tatu. Ningesema kwa simu, ila jana nilikupigia mara tatu. Mara ya tatu ilipokelewa, nikasikia pombe inatoa mapovu karibu kabisa na simu, blubu, blubu, na mtu anahema. Nikaita Agatha, Agatha, kimya. Sasa nampa kondakta wa basi la Inyonga barua hii akupe mkononi.

Uliposema majirani wanakuja kukulimia Jumamosi na utawapikia pombe mwenyewe, mara yako ya kwanza, nilifurahi mpaka nikakueleza haraka haraka. Ngoja nirudie, maana najua utapika tena. Uji wa mahindi usitie kimea ukiwa wa moto, kimea kinakufa. Tia kidole, kikivumilia mpaka umalize Salamu Maria, ndipo utie ule unga wa ulezi uliochipua. Chungu usikijaze, pombe inapanda. Funika kwa kitambaa, usibane. Generosa alibana ndoo kwa mfuniko wake ikapasuka, nyumba ilinuka siku kumi na jogoo alilewa. Maji yawe masafi. Na chungu usikioshe kwa sabuni hata siku moja, yale machicha ya chini ndiyo chachu, ndiyo yanaichachusha pombe mpya.

Hapo kwenye machicha ndipo ninapoogopa.

Unamkumbuka shangazi yako Theopista, dada wa baba yako. Ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na mdomo, alisema wifi, pombe yako hata nguruwe atasali kwanza ndipo anywe. Lakini yake watu walitoka Mpanda mjini kuifuata. Chachu hakumpa mtu. Nilimwomba miaka, akanijibu nitaipata siku akiwa hana mikono.

Alipofariki tulipika pombe ya kuondoa matanga kwa chachu yake. Kibuyu cha kwanza ni cha marehemu, unajua, kinamwagwa kichwani pa kaburi kabla mtu hajaonja. Wamama wakanituma mimi wifi yake nikamwage. Yule jirani Minza alitaka kunisindikiza, nikamwambia abaki na wageni.

Baada ya matanga nikapika yangu nyumbani. Ilipokaa siku tatu, saa saba mchana, jua limesimama, jikoni kukawa na baridi na harufu ya ugoro wa shangazi yako. Kuku wakatoka wote. Nilipofunua chungu, pombe ilikuwa imepungua kibuyu kimoja. Sakafu kavu, chungu kizima. Nikasema panya. Safari iliyofuata nikafunga kitambaa kwa kamba mafundo manne. Mafundo yalikuwa vilevile, pombe imepungua. Tangu hapo, siku ya tatu naweka kibuyu mlangoni kabla mtu hajaonja, nageuka, kinakuwa kitupu. Miaka minne sasa nimezoea, Mungu anisamehe.

Mwanangu, sikumwaga kile kibuyu. Chachu yangu ilikuwa imekufa, nilikuwa nimeosha chungu kwa sabuni kama mjinga. Nilifika kaburini nikasimama, nikakirudisha chini ya kanga, nikaimimina pombe yake chunguni kwangu iwe chachu. Nilimwibia marehemu kinywaji chake. Na machicha yale ndiyo niliyokutumia.

Pasaka moja nilisahau kumwekea kibuyu chake. Baba yako akaonja wa kwanza. Akanitazama, akaniita wifi. Siku nzima aliniita wifi, akanisimulia mambo tuliyosema mimi na shangazi yako mtoni tukiwa wawili tu. Ndiyo maana baba yako hanywi tena. Yeye anadhani alilewa.

Mimi nami nilipika Jumatatu, kwa machicha niliyobakiza. Jana saa saba nikaweka kibuyu mlangoni. Mpaka jua linazama kilikuwa kimejaa, nzi wanaelea. Hakuja. Huku hayupo tena.

Pombe yako inaiva kesho. Najua mpishi ndiye anayeonja. Usionje, Agatha, hata kwa ncha ya ulimi, na Anicet asionje. Weka kibuyu cha kwanza mlangoni, umwambie hivi, shangazi, mama yangu ndiye aliyekosa, mimi sijui kitu. Mimi leo naenda kaburini kuungama.

Wasalimie wote hapo, wakwe na watoto. Mimi mama yako anayekupenda,

Aurélie

Barua ikifika nitumie neno leo leo, usingoje kesho. Na ukinipigia, anza kwa kuniita mama.