Kwa Adelmo, Aliyeng'olewa Kope Kila Ijumaa

Mwaka umetimia, Adelmo, tangu mapafu yako yaliposhindwa. Kikombe cha tereré, chai yetu ya baridi, kikizunguka kati yetu marafiki zako, bado kinasita mbele ya kiti chako.

Ulishona matandiko ya farasi kwa wafugaji wa ng'ombe wa mji wetu wa Aquidauana, na hukuuza hata moja kabla ya kulikalia mwenyewe.

Kisha ukaja ule ugonjwa adimu ambao huku kwetu tunauita moto wa porini: kinga ya mwili inaigeukia ngozi yake yenyewe na kuichubua. Shuka ziliganda kwenye vidonda, kwa hiyo mkeo Zulmira akakulaza juu ya majani ya migomba na kuyabadilisha kila asubuhi. Siku hizo wewe ulikuwa wake peke yake.

Dawa ziliituliza ngozi, lakini makovu yalizivuta kingo za macho. Kope zikaota kuelekea ndani, zikakikwaruza kioo cha jicho. Daktari alisema zing'olewe kila wiki, la sivyo utapofuka.

Zulmira alijaribu mara moja. Mkono ulimtetemeka, akang'oa unywele wa kope usio na kosa na kuuacha ule uliopinda. Tangu hapo ukawa unavuka ua kwenda kwa Ivonete, jirani mjane anayetengeneza nyusi za wanawake.

"Unakwenda tena kwa fundi wako?" mkeo aliuliza kila Ijumaa. "Na manukato umejipaka!"

"Naenda kung'olewa, mama, siendi kuolewa."

Sisi tulicheka. Yeye alisimama dirishani akitazama kichwa chako kimelala mapajani mwa mwanamke mwingine, macho wazi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kukukumbuka, Ivonete alileta kile kibano alichokung'olea kope, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Haya, niambie ukweli," Zulmira alisema. "Alifuata nini kwako?"

"Mkono tu, dada. Alisema, 'Wewe hunipendi, Ivonete, ndiyo maana hutetemeki.' Na kweli sikumpenda. Maneno mengi mno, yule!"

Zulmira alikitia kibano kwenye droo yake, akaifunga kwa ufunguo.

Mpaka siku ya mwisho ulitunga uzi kwenye sindano bila msaada wa mtu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Zulmira, aliyeomba atajwe kwanza. Wanao Valdir na Neusa. Dada yako Odete. Na jirani Ivonete, ambaye Zulmira ameagiza atajwe mwisho, lakini atajwe.

Hututoki moyoni, Adelmo, leo na daima.